Taa Ambayo Nelda Hakuwahi Kuiona

Katika miaka thelathini na mmoja ya kushindana kwa gari, Nelda Hargis hakuwahi hata mara moja kuiona taa ya kijani.

Macho yake yalikuwa mazima, tusije tukamsingizia. Watu wa Sulphur Fork walisema Nelda angeweza kumwona nzi akipiga mwayo upande wa pili wa shamba la mahindi. Ni kwamba dereva hodari wa mbio hizi, za magari mawili ubavu kwa ubavu kwenye barabara fupi iliyonyooka, hakingoji kijani. Anayekingoja ameshachelewa, kwa sababu gari ni zito, na kati ya mguu kuachia breki na gurudumu kusogea kuna kamuda kadogo ambamo watu wamepotezea ubingwa wao. Kwa hiyo wote huondoka kwenye taa ya mwisho ya manjano. Kijani kinapowaka pua ya gari imeshainuka, dereva ameshatazama mbele, na taa yenyewe iko begani kwake ikimwakia nani sijui.

Ungemwuliza Nelda ndoto zake zina rangi gani, angekujibu manjano. Aliota taa zinashuka, moja, mbili, tatu, halafu anaamka mguu wa kushoto umekakamaa chini ya blanketi, na Royce mumewe analalamika kwamba kapigwa teke tena. Miaka thelathini na mmoja ya mateke, na mwanamume wa watu hakuhama chumba.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwisho katika msimu. Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara ya mbio hata mwisho wake hauonekani, na ulipoondoka, jirani akaanza kuvuna mahindi yake, vumbi likaelea juu ya kila kitu. Kufikia saa tisa alasiri jua lilikuwa limepauka, na magari, watu, mnara wa matangazo na vilima vya Kentucky huko nyuma vilionekana kana kwamba unavitazama kutoka ndani ya chandarua. Sauti nazo zilikuwa zimelegea. Hata injini zilinguruma kwa mbali, na mbwa mmoja alilala katikati ya njia ya kurudia, watu wakimzunguka.

Magari yalikuwa yakishindanishwa mawili mawili tangu asubuhi, anayeshindwa anapakia virago vyake na kwenda kununua mkate wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, hadi yakabaki mawili. La kwanza lilikuwa Nova ya rangi ya krimu, kuukuu kuliko madereva wengi waliokuwapo. Dereva wake ni Nelda, umri miaka sitini na mmoja, mpishi wa shule ya msingi. La pili ni pikapu ya buluu, na dereva wake ni Starla Hargis, umri miaka thelathini, binti wa huyo huyo mpishi.

"Mabibi na mabwana," spika ya mnarani ikakoroma, "leo kwa akina Hargis atakayepika chakula cha jioni ajiangalie asiweke sumu!"

Watu wakacheka. Royce hakucheka. Yeye ndiye aliyefunga kila nati kwenye magari yote mawili, na sasa alisimama katikati yake kama mtu aliyeoa wake wawili kwa siku moja.

"Mimi nimeyatengeneza sawasawa," alisema, akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Atakayeshinda ni mke wangu au ni mwanangu, na wote wanalala kwangu. Naenda kula."

"Si uchague upande, Baba?" Starla akamchokoza.

"Upande wangu ni ule wenye haradali."

Akaenda zake kwenye uzio, mbali na wote wawili, akajiegemeza pale na mkate wake.

Hapa lazima nikwambie kidogo habari za Starla, maana bila hizo utamwona Nelda kuwa mjinga, na Nelda alikuwa na makosa mengi lakini si ujinga. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Januari, Starla alirudi nyumbani kutoka kwa mume wake na sanduku moja na mbwa mmoja. Hakueleza. Alilala kwenye sofa la sebuleni, uso ukielekea mgongo wa sofa, majuma sita. Nelda aliondoka alfajiri kwenda kupika, akirudi mchana anakuta sahani haijaguswa na mbwa kanenepa. Alijaribu maneno ya upole, akajaribu ya ukali, akajaribu hata kumwalika mchungaji. Mwishowe ni Royce aliyefanya la maana: aliburuta gofu la pikapu hadi uani, akafungua mlango wa sebule, akasema, "Nahitaji mtu wa kunishikia tochi." Starla akaamka akamshikia. Kufikia majira ya joto tochi ilikuwa mkononi mwa baba na spana mkononi mwa binti.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, wanasema. Mwaka wa kwanza alishindwa kila Jumamosi. Mwaka wa pili akaanza kung'ata.

Ukutani kwenye mnara pana ubao wa mabingwa, na jina la Nelda limepakwa pale mara tatu. Jina la Starla halikuwa limepakwa mahali popote, labda kwenye karatasi za talaka mahakamani tu. Nelda alikuwa akiuangalia ubao ule kila alipopita, na katika nafasi iliyobaki wazi chini ya jina la mwaka jana, alikuwa ameshaliona jina la binti yake, herufi moja moja, na rangi yake ikiwa bado mbichi.

Walipokuwa wamepangwa kwenye foleni, Starla alikuja dirishani kwa Nova, kofia yake ngumu kwapani.

"Mama, unatetemeka?"

"Kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya kitoto kilichokojolea kiti hiki hiki?"

"Nilikuwa na miaka miwili!"

"Kiti bado kinakumbuka, mvua ikinyesha."

Starla akacheka mpaka akashika paa la gari. Kilikuwa kicheko kizima, cha tumboni, na Nelda alikisikiliza kama mtu anayesikia redio iliyokaa kabatini miaka mingi halafu ikawaka.

"Cheka tu," akasema. "Ukimaliza utalia."

"Leo nakuvua nguo hadharani, mama yangu. Mbele ya waumini wenzako." Kisha Starla akaacha kucheka, akainama hadi uso wake ukaingia ndani ya gari. "Ila kimbia kweli, eti?"

"Lini uliniona nikikimbia uongo?"

"Haya. Nimeuliza tu."

Na Nelda alikuwa anasema kweli wakati ule. Naomba umwandikie hilo.

Sulphur Fork wana desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote. Ukipangwa na ndugu yako, baba yako, mkeo, mnachapana kama watu wasiojuana, na baadaye mnagawana soda. Kuna mzee mmoja upande wa mto aliwahi kumwachia mwanawe mbio, zamani hizo, akijifanya gari limezima. Kijana alipogundua aliuza gari lake kabla ya Jumatatu na hakurudi tena uwanjani. Watu walimlaumu mzee. Kumpa mtu mbio ni kumwambia kwamba hawezi kuzichukua.

Nelda aliijua hadithi hiyo. Aliwahi kuisimulia mwenyewe, tena kwa madoido.

Lakini Starla alipokuwa akirudi kwenye pikapu yake alisimama, akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, midomo ikicheza. Alikuwa anaomba. Binti ambaye kanisani alikuwa akikaa kiti cha nyuma kabisa, mikono imefungwa kifuani, alikuwa anaomba kwa ajili ya mita mia mbili za lami. Na hapo, bila kelele yoyote, wazo likaingia ndani ya Nova na kukaa kiti cha pembeni kama abiria.

Ngoja kijani.

Ndilo wazo lenyewe, halikuwa na maneno zaidi. Akikimbia mapema taa nyekundu itawaka na kila mtu ataona. Lakini akiingoja tu ile ya kijani, kama dereva wa barabarani anayekwenda sokoni, atachelewa kidogo, na nani atamlaumu mwanamke wa miaka sitini na mmoja kwa kuchelewa? Starla atapita. Jina litapakwa. Na yeye mwenyewe, akafikiri, na wazo hili lilikuwa tamu kiasi cha kumtia haya, yeye mwenyewe hatimaye ataiona.

Injini zikawashwa. Walisogea mbele, wakaunguza matairi kwenye maji ili yashike lami, moshi mweupe ukapanda na kuungana na vumbi la mahindi, na kwa muda Nelda hakuona kitu chochote duniani isipokuwa weupe. Moshi ulipofunguka, mti ulikuwa umesimama mbele yake.

Huwa wanauita mti kwa sababu taa zimepangwa toka juu hadi chini, safu mbili, kila dereva na yake, kama mapambo ya Krismasi kwenye mlingoti. Juu kabisa zipo mbili ndogo. Chini kwenye lami, kimo cha kifundo cha mguu, miale miwili isiyoonekana imevuka barabara. Gurudumu la mbele likiukata mwale wa kwanza, taa ndogo ya kwanza inawaka. Hiyo ni hodi. Likisogea upana wa kiganja na kuukata wa pili, ya pili inawaka, nayo ni kama kusema nimeshakaa. Wote wawili wakishakaa, mtambo unasubiri muda ambao hakuna aujuaye, kisha manjano tatu kubwa zinashuka, nusu sekunde kati ya moja na nyingine, na chini yake kijani. Chini ya kijani kuna nyekundu. Gurudumu likiuacha mwale kabla ya kijani, hata kwa upana wa unywele, nyekundu inawaka na siku yako imekwisha.

Haraka haraka haina baraka, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kupangwa Sulphur Fork. Pale mwenye haraka anashindwa na mwenye pole naye anashindwa, na baraka imejibanza kwenye ufa katikati yao.

Zamani taa zilikuwa balbu, na balbu zilikuwa na uvivu mtamu. Haziwaki mara moja. Waya wa ndani unapata joto kwanza, unakuwa na wekundu wa kaa la moto, ndipo mwanga unajaa kioo. Nelda alijifunza kuondoka kwenye lile kaa. Mwezi wa Julai mwenye uwanja akazing'oa balbu zote akaweka taa za kisasa, ambazo hazina kaa wala nini. Hazipo, halafu zipo. Juma lile waliwashiwa nyekundu watu wazima waliokuwa na vikombe vya ushindi kabati zima. Kila mguu uliondoka mapema kidogo tu, kwa sababu macho yaliambiwa mapema kidogo. Nelda alipunguza upepo kwenye matairi ya mbele ili yakae kwenye mwale muda mrefu zaidi, akanyamaza, akasonga mbele. Starla hakupunguza chochote. Alikuwa bado mgeni wa mambo, hana la kusahau. Aliziendea taa mpya kama zilivyo na kila juma alisogea karibu na ukingo.

Mzee Dub Pruitt, mwenye kazi ya kuanzisha mbio, alikuwa amesimama nyuma ya mti na swichi yake mkononi, kofia ya majani imeshuka hadi kwenye nyusi. Alimtazama Starla, akamtazama Nelda.

"Wanangu," akapaza sauti juu ya ngurumo, ingawa Nelda alikuwa mdogo kwake kwa miaka tisa tu, "mkipigana, kapiganeni nyumbani."

Nelda alipiga hodi. Taa yake ndogo ikawaka. Ng'ambo, ya Starla ikawaka pia, na hapo binti hakusogea. Alingoja, kama alivyofundishwa, mpaka mama yake naye awe mlangoni. Adabu hiyo alimfundisha Nelda mwenyewe, kwa vijiko viwili juu ya meza ya jikoni. Sasa wakasogea pamoja, polepole, na taa za pili zikawaka karibu kwa pamoja.

Ukawa ukimya. Injini zilikuwa zinapiga kelele ya kupasua masikio, lakini ndani ya kofia, ndani ya mahali pale Nelda alipokuwa akiishi maisha yake ya kweli kwa nusu nusu sekunde, palikuwa kimya. Vumbi la dhahabu lilielea mbele ya kioo. Aliiona punje moja ikigeuka. Pembeni mwa kofia yake, upande wa Starla, alikuwa amebandika kipande cha kadibodi, kama wafanyavyo wote wenye gari la kasi zaidi. Pikapu ilikuwa nzito, kwa hiyo mti ulimpa Starla nusu sekunde ya kutangulia. Taa zake ndizo zingeanza, za mama yake zifuate. Na mguu hauna akili. Ukiona taa yoyote ikishuka, unaondoka. Ndiyo maana ya kadibodi. Upande ule Nelda hakuona kitu.

Alisikia pikapu ikinguruma na kuondoka.

Manjano yake ya kwanza ilikuwa imeshapita. Ya pili. Mguu wake wa kushoto ulijua kinachofuata na ukaanza kunyanyuka wenyewe, naye akaukandamiza chini kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. Ya tatu ikawaka. Kila kitu ndani yake kikapiga kelele, sasa, sasa, mwanamke wewe, sasa. Alikaa.

Na kijani kikawaka.

Kilikuwa kijani cha majani ya tumbaku mwanzoni mwa Juni, kabla jua halijayachosha. Alidhani kingekuwa kikali. Kumbe kilikuwa laini, kilikuwa na uso. Kilikuwa kimemngoja miaka yote hiyo, nyuma tu ya bega lake, kila Jumamosi, na yeye alikuwa akikipita bila salamu. Machozi yakamjia bila sababu aliyoweza kuitaja. Alikitazama muda ambao kwake ulikuwa mrefu kama mchana wa utotoni, na katika mchana huo Starla alikuwa akienda, akienda mbele, kila kilichompata kikibaki nyuma.

"Nenda, Bi Nelda!" Mzee Dub alikuwa anapunga kofia kama mtu anayefukuza nyuki. "Nenda! Nenda!"

Akaachia breki.

Aliendesha kama mtu anayeelea. Nova ilipanda kasi bila kinyongo, uzio ukapita, Royce akapita akiwa na mkate mdomoni, na Nelda alitabasamu ndani ya kofia. Mbele, pikapu ilikuwa kwenye njia yake. Ilikuwa karibu kuliko ilivyotakiwa. Ilikuwa inapunguza mwendo. Taa zake za breki zilikuwa zinawaka kabla hata ya kufika mwisho, na Nelda aliipita kabla hajajua la kufanya.

Mwishoni mwa barabara, juu ya ubao wa matokeo wa upande wake, taa ya ushindi ilikuwa inapepesa.

Alifikiri imeharibika. Alifikiri hivyo kwa moyo wake wote, hadi alipopinda kuingia njia ya kurudia na kuzikumbuka zile taa za breki.

Kwenye kibanda cha kona kuna dirisha dogo ambako wanakupa karatasi yako. Ni karatasi nyembamba, na inaandika mambo ya madereva wote wawili, ubavu kwa ubavu: nani aliondoka lini, kwa kasi gani, alifika lini. Mtu wa miaka thelathini na mmoja uwanjani, mtu mwenye maboksi matatu ya viatu yaliyojaa karatasi hizo chini ya kitanda, alikuwa amesahau kwamba karatasi ipo. Hata Starla angeshinda, karatasi ingemwambia. Nelda alikaa ndani ya Nova na kulifahamu jambo hilo, na alijiona mpumbavu kuliko wapumbavu wote wa wilaya.

Starla alikuwa ameshaegesha. Alikuwa ameegemea mlango wa pikapu, kofia chini miguuni, karatasi mkononi. Nelda alipofika aliisoma kwa sauti, kama mwalimu anayesoma alama za mwisho wa muhula.

"Sifuri nukta saba moja nne ya sekunde, tangu kijani kiwake hadi uondoke."

"Starla..."

"Mama yake Dub ana miaka tisini na sita na anatembelea kiti cha magurudumu. Angeondoka kabla yako."

"Labda nilisinzia."

"Wewe? Mbele ya mti? Wewe uliyenizaa Ijumaa na Jumamosi ya pili yake uko kwenye foleni?" Starla aliigeuza karatasi, akaweka kidole upande wake. "Na huyu ni mimi. Nyekundu. Nimeondoka mapema kwa sehemu tatu za elfu ya sekunde. Unajua ni kiasi gani hicho?"

"Najua."

"Unajua kwa nini?"

Injini ya Nova ilikuwa inapoa, ikitoa vile vimilio vyake vya chuma.

"Kwa sababu ni wewe," Starla akasema. "Angekuwa mtu mwingine ningejiachia nafasi kidogo. Lakini nikasema, huyu mwanamke haachi hata punje, huyu lazima nimwendee hadi ukingoni kabisa. Nikaenda hadi ukingoni nikaanguka. Nilikuwa nashindana na wewe, Mama. Na wewe hukuwepo."

Royce alikuja akiburuta miguu, haradali kidevuni. Aliichukua karatasi mkononi mwa binti yake, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo watu waliosahau miwani, akapiga mluzi mrefu. Akamtazama mkewe. Akairudisha karatasi.

"Mimi hapa sipo," akasema, akageuka na kwenda alikotoka.

"Nilitaka jina lako lipakwe pale," Nelda alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Basi. Nilitaka nipite pale mnarani nilione. Sina jingine la kusema."

"Na mimi nilitaka nilipake mwenyewe."

"Sofa lile, Starla... Hujui. Nilikuwa nasimama nje ya mlango nikisikiliza kama unapumua."

"Nilijua. Nilikuwa naona viatu vyako chini ya mlango."

Spika ya mnarani ikamwita bingwa aje apigwe picha. Ikaita tena. Nelda hakusogea, alifikiri angekwenda kumwambia Dub afute yote, na papo hapo akajua kwamba Dub angesema nyekundu ni nyekundu, na angekuwa sahihi. Jina lake lingepakwa mara ya nne, katika nafasi ile ile. Hakukuwa na jinsi ya kulizuia.

"Nikuulize jambo moja," Starla akasema. "Angekuwa dereva mwingine, Lonnie Tackett, upande wa pili. Mgonjwa, kaachwa na mke, halali, hali. Ungefanyaje?"

"Lonnie?" Nelda alijibu kabla hajafikiri. "Ningemchapa mpaka asahau njia ya kwao."

"Basi nichape na mimi."

Alilisema taratibu, bila hasira tena, na hilo ndilo lililomwumiza Nelda zaidi. Alimtazama binti yake kama alivyokuwa amekitazama kijani muda mfupi uliopita, moja kwa moja, bila kupita. Aliona mikono yenye masizi hadi kwenye viwiko. Aliona mabega mapana ya mtu anayenyanyua injini, na jinsi alivyosimama kwa miguu yote miwili. Miaka miwili alikuwa akimwuguza mgonjwa, akinyata, akimbebea sahani, na mgonjwa alikuwa ameshapona na kutoka nje siku nyingi, hakuna aliyemwambia mwuguzi. Alilia hapo hapo kando ya gari, mpishi wa shule, mbele ya watu waliojifanya wanatazama mahindi.

"Nitakuchapa," alisema aliposhika pumzi.

"Lini?"

"Machi, wakifungua. Nitakuchapa mbele ya baba yako, na mbele ya mchungaji, na mbele ya huyo mbwa wako mnene."

"Kwa sifuri nukta ngapi?"

"Hutapata hata muda wa kusoma karatasi."

Starla alivuta makamasi, akaokota kofia yake. Spika iliita mara ya tatu, na safari hii ilikuwa imekereka.

"Nenda kapigwe picha yako," akasema. "Na ole wako uwaambie ulichelewa kwa kuumwa."